Uzi wa Mi Ukutani

2 Juni

Mvua imefika. Si ile ya kunyunyiza ya mwezi uliopita. Hii imekuja na mizigo yake, na haitaondoka mpaka Septemba. Daftari hili Mjomba Bremly alininunulia niandike magitaa yanayoingia na kutoka. Nimeandika mawili. Kurasa zilizobaki ni zangu.

Leo tumebadilisha nyuzi za gitaa lake jekundu, lile lenye kibano shingoni. Kazi hiyo hataki mtu amharakishe. Kwanza anachomeka kijiti cha mwanzi chini ya daraja, kwa sababu daraja la gitaa hilo limeshikiliwa na springi tu, na ukitoa nyuzi bila kijiti linazama. Anafungua vibano vitatu vya shingoni kwa ufunguo wa L. Anatoa uzi mmoja, anaweka mmoja. Anakata kile kishanga cha mwisho wa uzi, anabana ncha kwenye daraja, anapandisha sauti, kisha anauvuta uzi kwa kidole. Unashuka. Anapandisha tena, anavuta tena, mara tano, mara sita, mpaka uchoke kushuka. Vibano vinakazwa mwisho kabisa.

"Ukifunga kabla ya kuuvuta, umefunga uongo," anasema. Nimeisikia hiyo tangu nina miaka tisa, na sasa nina ishirini na saba.

"Na ukishafunga?" Namuuliza kwa sababu najua anapenda kuulizwa.

"Umebanwa huku, umebanwa kule. Utaenda wapi? Sauti ikihama, jua kilichohama si uzi, ni mbao."

Mama akapaza sauti kutoka jikoni: "Nyie wawili! Chai inapoa, na gitaa haliliwi!"

4 Juni

Mvua. Gitaa la kwaya, nyuzi zina kutu kama misumari ya uzio.

7 Juni

Nimesogeza kabati la sahani ili nifagie, nikaona ufa. Unaanzia kona ya dari unashuka mpaka sakafuni, na njiti ya kiberiti inaingia. Nyumba yetu imeegemea kilima, na ukuta wa nyuma wa jiko ndio huohuo unaozuia udongo. Upande wa pili wa ukuta hakuna ua wala njia, ni kilima kitupu. Juu yake kuna mtu amekata udongo tangu Machi, anataka kujenga ghorofa tatu.

Mjomba alipofika akachanganya saruji kwenye bakuli, akaziba. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema, akijipangusa mikono kama aliyemaliza kazi ya mwaka.

9 Juni

Mvua. Mama anasema viazi vinaoza hata vikiwa juu ya jiko.

13 Juni

Saruji ya Mjomba imepasuka palepale, na ufa umepata ndugu mdogo pembeni. Nilimwita Fundi Shanbor, anayejenga kuta za mawe mtaani. Akaugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akaweka sikio, akauliza kama kuna tambuu. Alipokwisha kutafuna ndipo akasema.

"Dada Bitsi, ningekuwa mimi ningelala kwa mtu mpaka mvua iishe."

"Kwa nani?" Mama akamjibu. "Nyumba hii ni ya mama yangu, na kabla yake ya mama yake. Toka lini mwenye nyumba akawa mgeni?"

"Mwenye nyumba mwenyewe ni kilima, Dada. Wewe umepanga tu."

Mama akacheka, lakini hakumwongezea tambuu.

Kwetu mwenye nyumba ni mama, na mwenye neno ni mjomba. Mjomba Bremly anaishi kwa mke wake, mtaa wa pili, ila kila siku saa moja asubuhi yuko hapa. Anakunywa chai ya rangi jikoni amesimama, halafu anatengeneza magitaa sebuleni mpaka saa kumi. Akisema tutoke, Mama atatoka hata kama ananung'unika. Akisema tukae, tunakaa. Leo amesema, "Tutaangalia."

Mimi ni kitinda mimba. Dada zangu wamekwenda kuanzisha nyumba zao. Hii ni yangu siku Mama akiondoka, na moto wa jiko hili ni wangu kuulinda. Lakini chumba anacholala Mama kimeegemea ukuta huohuo. Nyumba naipenda. Mama nampenda zaidi, na simwambii kwa sababu atasema nataka kumfukuza.

15 Juni

Nimepata wazo, na wazo limetoka kwa Mjomba mwenyewe bila yeye kujua.

Chini ya meza ya kazi kuna gitaa bovu, shingo imeliwa na mchwa, lakini kibano chake na daraja lake ni vizima. Nimevifungua. Kibano nimekikaza ukutani kwa skrubu upande wa kushoto wa ufa, daraja upande wa kulia, na katikati nimepitisha uzi mmoja mwembamba, ule wa noti ya mi. Ufa ukifunguka hata kidogo, uzi utavutwa, na sauti itapanda. Mbao ikihama uzi unasema. Basi na ukuta useme.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Lakini alipoona nataka kufunga haraka akaninyang'anya ufunguo. "Hivyo sivyo! Uvute kwanza." Akauvuta mara sita, akautyuni mi safi kwa sikio, akakaza kibano. Ile skrubu ndogo ya darajani, ya kurekebishia sauti baada ya kufunga, aliiacha imezama mpaka chini, uzi ukiwa umekazwa barabara.

"Sasa ukuta una gitaa," akasema.

"Basi uje kwenye kwaya," Mama akasema. "Tumepungukiwa sauti ya tatu."

16 Juni

Mi.

17 Juni

Mi.

19 Juni

Mi, lakini imeinuka kidogo. Mjomba anasema ni baridi. Chuma cha baridi hujikunja. Kweli. Nitangoja jua.

20 Juni

Jua limetoka saa mbili nzima, wanawake wa mtaa mzima wakaanika nguo wakipiga vigelegele. Sauti haikushuka.

23 Juni

Katikati ya mi na fa, pale pasipo na jina. Mvua haijakatika tangu juzi. Matundu ya chini ya ukuta, yanayomwaga maji ya kilima kwenye mfereji wa sakafuni, yanatoa maji ya rangi ya chai yenye maziwa.

26 Juni

Fa.

Mjomba aliisikia nilipouchapa. Aliacha kutafuna. Sijawahi kumwona ameacha tambuu shavuni bila kutafuna.

"Ni kiasi gani hicho?" Mama akauliza.

"Kama nusu milimita," nikasema.

"Nusu milimita! Hata sisimizi atajikwaruza akipita! Na mnataka nibebe godoro?"

"Mama, ufa umefunguka hivyo kwa siku kumi na moja tu. Mvua ina miezi miwili bado."

"Rida, mimi nimezaliwa jikoni humu. Ukuta huu ulinisikia nikilia."

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikasema, na nilijuta kabla sijafunga mdomo. Mama akageukia sufuria yake akaanza kuisugua, ingawa ilikuwa safi.

Mjomba akaja kati yetu. "Sikilizeni. Ikifika so, tunatoka. Siku hiyohiyo, bila mjadala. Neno langu."

Mama akaweka sufuria chini. "Ikifika so," akasema. Jioni nimehamishia kitanda chake sebuleni, katikati ya magitaa. Analalamika kwamba yanamwangalia.

28 Juni

Fa. Mvua siku nzima.

30 Juni

Fa na zaidi kidogo. Nimefunga bahasha ya hati ya nyumba, picha ya bibi na blanketi mbili kwenye mfuko, nikauweka nyuma ya mlango.

2 Julai

Kati ya fa na so kuna sauti moja, ile ya kitufe cheusi cha kinanda cha kanisani. Leo tumeifikia. Imebaki hatua moja.

Naogopa. Naiandika hapa kwa sababu nikiisema Mama atanipikia uji. Leo nilipokuwa nachota mchele nilijikuta nimeushika ukuta kwa kiganja, kama unavyomshika mtoto paji la uso. Ulikuwa baridi na umelowa.

4 Julai

Nyeusi.

5 Julai

Nyeusi. Haikupanda.

6 Julai

Nyeusi tena, ingawa jana mvua ilipiga mpaka mabati ya Fundi Shanbor yakaruka. Huwa nauchapa mchana, baada ya kuosha vyombo. Mjomba anasema labda kilima kimekaa sawa. "Na milima huchoka," anasema. "Nayo ni kama nyuzi, ukishaivuta vya kutosha inatulia."

8 Julai

Nyeusi. Mama amerudisha kitanda chake chumbani. Nilijaribu kumzuia mlangoni.

"Uzi ni wa nani?" akaniuliza.

"Wangu."

"Ulipopanda, mlinitoa. Sasa umetulia, mnanizuia. Uzi unasikilizwa ukisema unavyotaka wewe tu?"

Nikampisha. Mjomba naye akacheka. "Hapo amekushika, Rida. Uzi uliofungwa hausemi uongo."

9 Julai

Nyeusi. Mlango wa jiko haufungi tena, unagota juu. Mama anasema mbao zimenywa maji. Inawezekana.

10 Julai

Nyeusi, safi kabisa. Kinanda cha kanisani chenyewe hakina sauti safi hivyo. Sijui kwa nini usafi huo unanikera.

11 Julai

Nyeusi.

12 Julai

Nyeusi. Matundu ya chini ya ukuta hayatoi maji. Mvua inanyesha, kilima kimejaa, na matundu ni makavu. Nilimwuliza Fundi Shanbor njiani maji yamekwenda wapi. Alikuwa amejifunika mgongoni knup yake, ile ngao ya majani ya kukingia mvua, akaiinua kidogo ili anione vizuri.

"Uzi wako unasemaje?"

"Umetulia. Siku kumi."

"Basi mshukuru uzi," akasema, akaenda zake. Sikupenda alivyosema.

13 Julai

Nyeusi. Unga wa saruji umeanguka juu ya vikombe kabatini. Nimeufuta. Mchana ulikuwa umeanguka tena.

16 Julai

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi la ukumbini. Nitaandika yote ya juzi kwa mfululizo, la sivyo sitayaandika kamwe.

Asubuhi ya tarehe 14 nilitoka kununua majani ya chai. Duka lilikuwa limefungwa, nikarudi mapema. Saa moja na robo hivi. Nikaingia kwa mlango wa uani, na Mjomba hakunisikia kwa sababu ya mvua.

Alikuwa amesimama jikoni mbele ya ukuta. Kikombe kilikuwa mkono wa kushoto. Kwa kidole cha kulia aliuchapa uzi, akainamisha kichwa, akasikiliza, akakunja uso kama mtu aliyeuma mchanga kwenye wali. Kisha akashika ile skrubu ndogo ya darajani, akaizungusha kuilegeza. Akachapa tena. Uso ukatulia. Akanywa chai.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Ah, umerudi? Uzi ulikuwa umetoka sauti."

Alisema hivyohivyo tu, kwa upole, kama anayeniambia nina uzi umening'inia kwenye sketi.

"Tangu lini unafanya hivyo?"

"Kidogo tu. Asubuhi asubuhi. Ilipofika ile nyeusi ilikuwa sawa, lakini kila nikija nakuta imepanda kidogo, haipo hapa wala haipo pale. Siwezi kunywa chai na uzi uliotoka sauti, Rida, unanijua. Nairudisha pale palipo safi, basi."

"Kila asubuhi?"

Hapo ndipo aliposikia alichokuwa anasema. Nilimwona akisikia.

Tulitazama skrubu pamoja. Aliyeizamisha mpaka chini ni yeye. Sasa ilikuwa imetoka yote, inaning'inia kwa mzunguko wake wa mwisho. So ilikuwa imepita zamani. Tulikuwa tumeipita siku nyingi, tukiwa tumekaa, tukila, Mama akilala.

Sina haki ya kumcheka. Katika mji huu hakuna mtu anayeweza kupita gitaa lililotoka sauti bila kunyoosha mkono. Mzee wa kanisa ataacha sala katikati arekebishe uzi. Wangekuwa watu wa mji mwingine, wasiojua mi wala fa, wangeuacha uzi useme.

"Tutoke," Mjomba akasema. Halafu kwa nguvu, "Bitsi! Toka! Toka sasa hivi!"

Mama alikuwa chumbani akichana nywele. "Moto unawaka huko jikoni, Kaka, na sufuria..."

"Acha sufuria!"

"Na sanduku la mama?"

"Bitsi, neno langu! Neno langu!"

Mimi nilikuwa nimeshika mfuko ule wa nyuma ya mlango. Mjomba alikimbia kuelekea chumbani. Ndipo uzi ukakatika. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, tik, kama kucha. Ncha ilinipiga shavuni na bado kuna mstari.

Baada ya hapo ukuta uliingia ndani. Haukuanguka, uliingia, mzima mzima, na kilima nyuma yake. Nilikuwa uani bila kujua nimefikaje. Sikusikia kishindo, au nilikisikia na sikumbuki.

Fundi Shanbor ndiye aliyefika wa kwanza, na koleo, halafu mtaa mzima kwa mikono. Mjomba alikuwa amekwama mlangoni mwa chumba, tope mpaka kifuani, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika mkono wa Mama aliyekuwa ndani zaidi. Walipomtoa yeye kwanza hakutaka kuachia. Ilibidi wamfungue kidole kimoja kimoja.

Mama yuko hai. Mguu wa kushoto wameukata chini ya goti jana. Nyumba haipo.

17 Julai

Mama ameamka. Aliuliza, "Moto?"

"Umezimika, Mama."

Akafumba macho. "Utauwasha mwingine. Kitinda mimba ni wewe, si mawe." Halafu akaomba tambuu, na muuguzi akamkatalia, wakagombana. Nilitoka nje nikalia mpaka nikapata kwikwi.

18 Julai

Mjomba haji wodini. Anakaa kwenye ngazi za nje tangu asubuhi, kofia mkononi. Nimempita mara nne bila kumsalimu. Namchukia. Najua ndiye aliyemshika Mama asizame, na bado namchukia.

20 Julai

Mvua ndogo. Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Tarehe 10 nimeandika kwamba usafi ule unanikera. Mimi ndiye niliyebuni kipimo, na nilijua ukuta hauwezi kupasuka ukasimama juu ya sauti safi. Ukuta haujasoma muziki. Nilijua, nikaandika, nikaenda kukoroga dengu.

Nimempelekea Mjomba chai kwenye ngazi. Tumekunywa, nikarudi na vikombe.

25 Julai

Tumepewa chumba nyuma ya ukumbi wa kanisa. Mama ameletwa leo kwa machela, akiwaelekeza vijana wanne wapite wapi kana kwamba wamebeba kabati. Nimewasha moto kwenye jiko la mkaa. Umekubali mara ya kwanza.

Fundi Shanbor alikuja na kitu kimefungwa kwenye gunia. Ni gitaa jekundu. Amelichimbua sebuleni. Rangi imebanduka, tope limejaa kila tundu, lakini nyuzi zote sita zipo na vibano vitatu bado vimekaza. Nimelipangusa kwa kanga kuukuu, nikampa Mjomba.

Hakulipokea. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ule ufunguo wa L, akanipa mimi.

"Kaa nao," akasema.

Nikakaa na gitaa mapajani, nikauchapa uzi wa mi. Nyuzi zimebanwa huku na kule, hazikuwa na pa kwenda. Ila shingo imekunywa maji na imejipinda. Sauti ilitoka juu ya mi, chini ya fa, pale pasipo na jina. Mama aligeuza kichwa kwenye mto. Mjomba nilimwona shingo ikikakamaa, na vidole vya mkono wa kulia vikianza kusogea juu ya goti.

"Umepanda," nikamwambia.

"Nasikia."

Akaiingiza mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia.

"Chapa tena," akasema, na machozi yakimshuka. "Uache hivyohivyo. Chapa tena."